Baada ya operesheni: achuliwe nyayo, akandwe maji ya moto au afungwe mkaja?

Mzazi aliyepasuliwa akirudi nyumbani hukuta shauri limeshaanza bila yeye. Mama yake ameteleka sufuria kubwa ya maji. Mama mkwe kaja na khanga za mkaja, za kumfunga mzazi tumboni, zile kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Wifi anasema kaona kwenye simu kwamba waliozaa kwa operesheni wanachuliwa nyayo, maumivu yakapungua na usingizi ukaja. Wote wana nia njema na kila mmoja ana sehemu ya haki. Lakini mwenye kidonda ni mmoja, kalala ubavu, anaogopa hata kukohoa.

Naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya atakayemuuguza siku hizi za mwanzo za arubaini. Nitayapima mambo hayo matatu kwa vipimo vilevile, ili familia iamue kwa kujua. Simwambii mtu aache mila za uzazi za kwao. Mila hizi zimewafanya wazazi wetu wapumzike siku arubaini, walishwe na wahudumiwe, jambo ambalo wanawake wa nchi nyingi tajiri hawalipati. Ila nyingi zilipangwa kwa aliyezaa kawaida, na aliyepitiwa na kisu anahitaji zipangwe upya kidogo.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni maumivu, na hapa lazima tuulize: anaumwa wapi? Aliyepasuliwa haumwi mahali pamoja. Kuna kidonda, kinachochoma anapogeuka, anapocheka na anapojinyanyua kitandani. Kuna tumbo la uzazi linalojikaza ili lirudi kimo chake, hasa mtoto anaponyonya. Kwa mzazi wa pili na wa tatu maumivu haya huwa makali kuliko kwa wa kwanza. Kuna gesi iliyofunga tumboni, ambayo mara nyingine huchoma hadi begani. Tena kuna shingo, mabega na mgongo vilivyochoka kwa kumwinamia mtoto. Familia nyingi hubishana kuhusu dawa ya “maumivu” wakati kila mmoja anazungumzia maumivu mengine.

Cha pili ni usingizi. Mtoto mchanga huamka kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, kwa hiyo hakuna njia itakayompa mzazi usiku mzima. Tunachotafuta ni alale upesi kila anapopata nafasi, asikae macho huku mtoto kalala.

Cha tatu ni usalama, na ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kuna kidonda, ambacho juu huonekana kimefunga baada ya wiki moja au mbili, ilhali nyama za ndani bado zinajiunga kwa wiki kadhaa. Na kuna hatari isiyoonekana, ya damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Kila mwanamke aliyejifungua anayo hatari hiyo, hasa wiki sita za mwanzo, na aliyepasuliwa anayo zaidi.

Cha nne ni mikono na gharama: nani atafanya, anahitaji ujuzi gani, na vitu vinapatikana wapi.

Vidonge havimo katika mashindano haya

Kabla ya kulinganisha, tuondoe kosa moja ambalo huwatesa wazazi bure. Kuchua, kukanda na mkaja havichukui nafasi ya dawa ya maumivu aliyoandikiwa hospitali. Vyote vitatu hukaa juu yake.

Wako wanaoacha vidonge siku ya pili kwa kuogopa kwamba vitapita kwenye maziwa. Paracetamol na ibuprofen hupita kidogo mno, na ndizo dawa za maumivu zinazokubalika kwa anayenyonyesha. Kipimo cha kawaida cha paracetamol kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Ibuprofen humezwa baada ya kula, na haimfai kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo na aliyekuwa na presha ya uzazi waulize kwanza. Muhimu ni kumeza kwa saa zilizopangwa siku za mwanzo, bila kungoja maumivu yapande, kwa sababu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Dawa kali kama kodeini na tramadol ni habari nyingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2017 kwamba mama anayenyonyesha asizitumie, kwa kuwa zinaweza kumlegeza mtoto pumzi. Usichukue kidonge cha jirani.

Tena, anayeona maumivu ya kidonda yanazidi kila siku badala ya kupungua, asitafute mchuaji. Arudi hospitali.

Kuchuliwa nyayo

*Maumivu.* Jambo hili limefanyiwa majaribio ya kweli. Mojawapo lilifanyika Ilam, Iran, na kuchapishwa mwaka 2014. Wanawake 80 waliopasuliwa waligawanywa kwa bahati nasibu, na waliochuliwa miguu na mikono, dakika tano kila kiungo, walisema maumivu yamepungua, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo dakika 90 baadaye. Uturuki nako wamepata matokeo ya mwelekeo huo. Haya ni majaribio ya watu wachache, na hakuna namna ya kumficha mtu kwamba anachuliwa, kwa hiyo sehemu ya nafuu huenda inatokana na kushughulikiwa tu. Kwangu mimi hilo halipunguzi thamani yake. Nafuu ya saa moja na nusu ikianza kidonge kinapofanya kazi ni nafasi ya kulala.

Kwa nini mguu uchuliwe tumbo lipoe? Wengi hutaja wazo la Ronald Melzack na Patrick Wall la mwaka 1965: kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, na hisia za kuguswa zikijaa langoni, za maumivu hupata shida kupita. Linaeleza kwa nini tukijigonga tunajisugua papo hapo. Ila mishipa ya fahamu ya nyayo na ya chini ya kitovu haiingii uti wa mgongo mahali pamoja, kwa hiyo nadhani sababu kubwa ni nyingine: mwili mzima unatulia, mapigo ya moyo yanapungua, na misuli iliyokazwa kwa kuogopa kidonda inalegea. Zile ramani zinazoonyesha kwamba kisigino ni kizazi na kidole gumba ni kichwa hazina ushahidi wa kimaumbile. Huna haja ya kuzijua ili umchue mtu vizuri.

*Usingizi.* Hapa ndipo nyayo zinapofanya vizuri zaidi. Jaribio la Taiwan lililochapishwa mwaka 2011 lilihusu wazazi wenye usingizi mbaya, waliochuliwa nyayo dakika 30 kila jioni kwa siku tano mfululizo, na usingizi wao ukawa bora kuliko wa wenzao ambao hawakuchuliwa. Anayemchua akiwa pia ndiye anayempokea mtoto baada ya kunyonya, akamcheulisha na kumbadilisha nepi, faida inakuwa mara mbili.

*Usalama.* Nyayo ziko mbali na kidonda, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Hatari iko juu kidogo ya kifundo. Kabla ya kuchua, kila siku, linganisha miguu yote miwili. Mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, umeiva wekundu au una weusi usio wa kawaida, au shavu la mguu linauma ukiligusa, usichue kabisa. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na kuisugua kunaweza kuibandua ikapanda mapafuni. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akiwa anakosa pumzi au kifua kinamchoma, usingoje hata saa. Miguu kuvimba yote miwili sawasawa wiki ya kwanza ni jambo la kawaida, lakini ikifuatana na kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu, presha ipimwe mara moja, maana kifafa cha uzazi kinaweza kuja hata baada ya kuzaa.

Hata miguu ikiwa mizima, baki nyayoni na kwenye vidole. Usipande kwenye shavu la mguu. Na siku ya operesheni yenyewe, ngoja ganzi ya mgongoni iishe na mzazi ahisi nyayo zake vyema, maana asiyehisi hawezi kukwambia unamuumiza.

*Mikono na gharama.* Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu kuchua vibaya ni kumpotezea mzazi muda wake wa kulala.

Mtoto awe ameshanyonya na amelazwa mahali pake. Usimchue mama aliyempakata, maana atasinzia naye mikononi. Kidonge cha usiku kiwe kimemezwa kama nusu saa nyuma. Mlaze nusu kukaa, mito mgongoni na mto mmoja chini ya magoti, ili tumbo lilegee na kidonda kisivutwe. Osha mikono, kata kucha, vua pete na bangili. Tia mafuta kidogo ya nazi kiganjani, uyasugue hadi yapate moto, kisha shika unyayo kwa mikono miwili na utulie hivyo, bila kufanya kitu, mpaka uhisi mguu umeacha kujikaza. Ndipo uanze: vidole gumba viwili vitembee kutoka kisiginoni, vipite pale palipobonyea katikati, vifike chini ya vidole vya mguu, kwa mwendo wa polepole na mzito. Mwenye kutekenyeka tumia kiganja kizima, usitumie ncha za vidole. Vuta kidole kimoja kimoja, ukizungushe, ukiache. Uso wake ndio utakaokwambia kama nguvu zimezidi. Dakika tano hadi kumi kila mguu zinatosha. Ukimaliza, futa mafuta yote kwa khanga, hasa nyayoni, kwa sababu mzazi atakayeamka usiku kwenda msalani na nyayo zenye mafuta kwenye sakafu iliyolowa anaweza kuanguka na kuachia mshono.

Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani yanatosha, wala huhitaji ya chupa ya gharama. Najua Pemba watu watataka kutia mafuta ya karafuu, na kiwanda kinachoyakamua kwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kipo Wawi, karibu na Chake Chake. Mafuta hayo ni makali na yakipakwa matupu huchoma ngozi. Anayeyataka atie tone moja tu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ayaweke mbali na mtoto, na anawe kwa sabuni kabla ya kumgusa. Mimi ningeyaacha. Chumba cha mtoto mchanga hakihitaji harufu kali.

*Inamfaa nani.* Aliyetoka hospitali juzi na hataki kuguswa tumbo. Asiyepata usingizi kwa wasiwasi. Na aliye mbali na wakunga lakini ana mtu mmoja mpole karibu: dada, mama, au mume. Wanaume wengi hukaa kando wakati wa uzazi kwa kudhani hawana kazi. Hii ni kazi yao, na hufundishika kwa jioni moja.

Kukandwa maji ya moto

*Maumivu.* Kwa mgongo, mabega na uchovu wa mwili, kukanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto ni tiba nzuri, na wazee wetu walikuwa na haki. Joto hulegeza misuli, na hupunguza maumivu ya tumbo la uzazi linapojikaza, kama linavyofanya wakati wa hedhi. Kwa kidonda chenyewe halina msaada.

*Usingizi.* Mzazi aliyekandwa mgongo jioni, akavikwa nguo kavu na kunyweshwa uji, hulala vizuri. Hata kutia miguu tu kwenye beseni la maji ya vuguvugu kunasaidia: mishipa ya damu ya miguu hutanuka, joto la ndani ya mwili hushuka, na mwili huchukulia hiyo kama ishara ya kulala.

*Usalama.* Hapa ndipo sitafuni maneno. Kukanda na kukamua tumbo la aliyepasuliwa ili “damu mbaya itoke” ni hatari. Tumbo hilo limekatwa tabaka kwa tabaka, na lina nyuzi kwenye ngozi, kwenye utando wa nyama na kwenye kizazi chenyewe. Kulikandamiza kunaweza kuachia mshono. Maji yanayotiririka kwenye kidonda kilichofunikwa huacha unyevu, na unyevu kwa joto letu la kaskazi ni makazi ya vijidudu. Ngozi inayozunguka kidonda pia hukaa na ganzi kwa wiki au hata miezi, kwa hiyo mzazi anaweza kubabuka bila kuhisi. Damu ya uzazi hutoka yenyewe, kizazi kinapojikaza kwa kumnyonyesha mtoto. Haihitaji kukamuliwa.

Najua lilivyo gumu kumwambia hivyo bibi aliyekanda wazazi wa mtaa mzima. Usimfukuze. Mwambie kwa heshima: “Bibi, tumbo daktari kalifunga kwa nyuzi, kasema lisiguswe. Tunakuomba mgongo na mabega, huko ndiko anakoumia.” Mara nyingi hukubali, kwa sababu ameachiwa kazi yake na amepewa sababu. Ukipata nafasi, nenda naye mzazi anapoangaliwa kidonda, ayasikie kwa muuguzi mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mzazi aangaliwe saa 48 hadi 72 baada ya kuzaa, tena kati ya siku ya saba na ya 14, na tena wiki ya sita. Siku hizo ndizo za kuuliza nini kimeruhusiwa.

Miguuni sheria ni ileile ya nyayo: shavu la mguu halikandwi, na mguu uliovimba peke yake hauguswi. Maji yapimwe kwa kiwiko cha anayekanda, asitegemee viganja vilivyozoea moto. Na lile jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa milango na madirisha liondoke. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kudhurika.

*Mikono na gharama.* Inahitaji mtu mwenye nguvu na uzoefu, maji mengi, na kuni au gesi. Nyumba yenye bibi au shangazi haina tatizo. Ya kupanga Mjini yenye chumba kimoja itaona tabu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mgongo unaokatika, mwenye mkandaji anayekubali kuacha tumbo. Wiki ya kwanza ningebaki na kitambaa cha vuguvugu mgongoni na beseni la miguu.

Kufungwa mkaja

*Maumivu.* Mkaja husaidia maumivu ya kusogea: kunyanyuka, kutembea, kukohoa. Hospitali nyingi duniani hutumia mkanda wa kunyumbuka kwa kazi hiyohiyo, na majaribio yake yamegawanyika, mengine yakiona maumivu kidogo na kutembea kwepesi siku za mwanzo, mengine yasione tofauti. Mkaja ukimpa mzazi ujasiri wa kutembea, umeshafanya kazi, kwa sababu kutembea mapema ndiko kunakotoa gesi na kupunguza hatari ya damu kuganda.

*Usingizi.* Hausaidii. Wengine unawabana wakashindwa kulala, hasa ukifungwa kwa nguvu, na uvuliwe usiku.

*Usalama.* Khanga iwe safi, kavu, ibadilishwe kila siku na kila inapolowa jasho. Ifungwe mzazi akiwa amelala chali, pana kiasi cha kufunika kidonda chote, pindo lake lisikae juu ya mshono. Mkono wa mtu upite chini yake bila shida, na avute pumzi ndefu bila kubanwa. Mkaja uliokazwa sana husukuma uzito chini, kwenye misuli ya nyonga iliyochoka kwa mimba. Ufunguliwe kila siku kidonda kitazamwe: wekundu unaopanuka, usaha, harufu, mshono ulioachia au homa ya nyuzi 38 na zaidi ni sababu ya kurudi hospitali. Kidonda kilichofichwa chini ya khanga kwa siku nyingi kinaweza kuharibika bila mtu kujua.

Kuhusu tumbo kurudi dogo kwa sababu ya mkaja, hakuna ushahidi wa kutegemea. Wengi hufungwa kwa sababu hiyo tu, na ndio wanaofungwa kwa nguvu.

*Mikono na gharama.* Khanga ipo kila nyumba, na kufunga ni kazi ya dakika chache.

*Inamfaa nani.* Anayeogopa kutembea, mwenye tumbo linaloning'inia na kuvuta mshono, na anayelazimika kusafiri. Aliyepasuliwa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, akawa kwao Konde, ataipita Pemba karibu yote kutoka kusini hadi kaskazini ndani ya gari. Mkaja utamsaidia kwenye mashimo. Lakini achezeshe nyayo juu na chini njia nzima, na gari lisimame angalau mara moja atembee hatua chache.

Kwa hali yako

*Bado uko wodini, siku ya kwanza au ya pili.* Vidonge kwa saa, nyayo zikishapata hisia, na kusimama mapema kadiri wauguzi wanavyoruhusu. Mkaja uulize. Kukandwa kusubiri. Kichwa kikiuma vibaya unapokaa na kupoa unapolala, waambie wauguzi: huenda inatokana na sindano ya mgongoni, na ina tiba yake.

*Umerudi nyumbani, kidonda kinachoma ukigeuka.* Mkaja wa kiasi mchana, nyayo usiku. Jifunze kunyanyuka kwa kugeuka ubavu kwanza, miguu ikashuka, kisha ujisukume kwa mkono. Hilo peke yake hupunguza maumivu kuliko wengi wanavyodhani.

*Huna maumivu makubwa lakini usingizi umekimbia.* Beseni la vuguvugu, kisha nyayo, kisha mtu amchukue mtoto baina ya kunyonya na kunyonya. Ikiwa hulali hata mtoto akiwa kalala na amechukuliwa, unalia bila sababu au unajiwa na fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni maradhi ya baada ya uzazi na yanatibika. Mwambie mtu leo, na mwende hospitali pamoja.

*Unaumwa mgongo na mabega.* Mpe bibi kazi yake, maji ya vuguvugu, tumbo lisiguswe. Wakati wa kunyonyesha weka mto mapajani, mtoto aje kwenye ziwa, usiinamie wewe.

*Ulikuwa na presha, kisukari, au uliwahi kuganda damu, wewe au mtu wa damu yako.* Uliza hospitali kabla ya kuchuliwa au kutia miguu kwenye maji ya moto. Mwenye kisukari anaweza asihisi maji yanayochoma. Kama umepewa sindano za kuzuia damu kuganda, zimalize.

*Familia imegawanyika.* Gawa kazi kwa maeneo: mama mkwe mkaja, mama mzazi mgongo, wifi au mume nyayo. Hakuna anayenyang'anywa, na tumbo linapumzika.

*Uko peke yako, mama yupo Pemba na wewe umepanga Unguja.* Usijiinamie kujichua miguu, mshono utakuvuta. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, weka chini chupa ya plastiki iliyojaa maji, uizungushe chini ya unyayo mmoja huku mwingine umetulia, dakika tano, kisha ubadilishe. Chupa iwe ya maji ya kawaida, isiwe ya moto. Fanya hivyo mtoto akishanyonya na kulazwa, simu iwe karibu, na namba ya mtu wa kukupeleka hospitali usiku uwe umeshaiandika.